Funza wa Pitshou

11 Mei

Mke wangu hasemi na mimi, anasema na mjusi. Kwa hiyo na mimi nimejitafutia wa kusema naye: daftari la shule lenye kava la bluu, nililolikuta sokoni Kikula. Daftari halijibu, lakini angalau halinipi mgongo.

Naitwa Stanislas, fundi umeme mstaafu. Mke wangu ni Colette. Mtoto wetu wa mwisho, Pitshou, alishuka katika shimo la shaba huko Kambove mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, na udongo ukamfunika. Mwili haukupatikana. Hivi sasa pale ni uwanja wa matope makavu, na vijana wenzake wanachimba mashimo mengine pembeni.

Mjusi ni wake. Si mjusi wa kwetu huyu. Asili yake ni Australia, ni mrefu kama mkono wangu toka kiwiko, na ana miiba kidevuni kama ndevu za mzee aliyeacha kujijali. Pitshou alimpata kwa injinia mmoja mzungu, Georges; Pitshou ndiye aliyekuwa akimlindia nyumba. Georges alipoondoka hapa Likasi alimwachia mjusi, sanduku la kioo, taa ya joto, na ndoo ya funza hai ambao ndio chakula chake. Pitshou akampa mjusi jina la Directeur, kwa sababu hafanyi kazi, analala penye joto, na anakula kila kinachopita mbele yake.

Asubuhi ya kwenda Kambove alimwambia mama yake mlangoni: "Mama, umulishe Directeur. Niko narudia siku ya posho." Posho ndiyo Jumamosi. Jumamosi hiyo haijafika nyumbani kwetu hadi leo.

13 Mei

Upepo na vumbi. Colette alikula nusu ya ndizi akiwa amesimama.

17 Mei

Leo nimemtazama anavyomlisha. Kwanza anakaa kitandani kwa Pitshou na ndoo katikati ya miguu. Funza wenyewe wanaishi ndani ya pumba za mahindi. Ni wakubwa kama kidole, rangi ya kahawia inayong'aa, kichwa cheusi na mkia mweusi. Sauti yao ni ndogo lakini haiishi, kama mtu anayepekua karatasi chumba cha pili. Colette anawapa vipande vya karoti na ganda la kilayi, yaani kiazi. Halafu anachagua mmoja, anampaka unga wa maganda ya mayai, anamshika mkia.

Pitshou alikuwa akiwaponda kichwa kwanza kwa koleo, maana wanauma. Na koleo lenyewe nimeliona leo juu ya kabati: ni langu, nililolitafuta mwaka mzima na kumshuku jirani. Ningemgombeza nani?

Colette hawapondi. Directeur anainamisha kichwa, anamtazama funza kwa jicho moja kama hakimu, ulimi unatoka, na kinachofuata ni mlio wa kutafuna unaosikika mpaka barazani.

Nikamwambia taratibu, "Mama Pitshou, tutaongea lini ju ya kilio?"

"Kilio ya nani?"

"Ya mutoto."

"Mutoto alisema nimulishe Directeur mpaka ye arudie. Hakuniambia nimulilie."

Kisha akampa mjusi funza wa pili, nami nikatoka nje kutazama waya ambao hauna tatizo lolote.

25 Mei

Dada yangu Mamie amepiga simu kutoka Mwadingusha, anakokaa karibu na maji na mume wake mvuvi. Mamie hapigi simu, anahutubia. Amesema ukoo umechoka kungoja. Mtu asiyepatikana anazikwa kwa mgomba: unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa nguo zake, unawekwa kaburini, watu wanalia, kazi inaisha. Mtu asiyeliliwa hana pa kwenda, anabaki anazunguka nyumba ya mama yake.

"Mueleze bibi yako," akasema.

"Umueleze weye."

"Njo ile nitakuya kufanya!"

Mungu atusaidie.

Mamie hakosei, hilo ndilo linaniudhi. Lakini kilio cha mtoto hakifunguliwi na baba wala na ukoo. Kinafunguliwa na mama kwa sauti yake. Akipiga yowe, majirani wanasikia, wanakuja, na msiba umekwisha kusimama. Toka mwezi wa pili Colette hajalia hata mara moja. Amekauka. Muuguzi wa dispensari alimpima wiki iliyopita akaniita pembeni, akasema mama huyu akiendelea hivi atamfuata mwanawe kabla ya mvua. Nilimshukuru kwa adabu. Njiani nilishikilia ukuta wa nyumba ya watu.

2 Juni

Baridi imeingia. Nimetoa koti lililokuwa na harufu ya nondo.

6 Juni

Nataka kuandika jambo ambalo sitalisema kwa mtu. Nilipoingia chumba cha Pitshou leo mchana kutengeneza soketi, nilisikia harufu ya matope mabichi. Mvua ya mwisho ni ya mwezi wa nne. Mimi ni fundi, nimeishi kwa kutafuta sababu ya kila kitu: nilinusa ndoo, nilinusa sanduku la mjusi, nilifungua dirisha. Kote kukavu. Harufu ilikuwa upande wa mlango, kwenye urefu wa mtu aliyesimama.

Nilimaliza soketi. Sikuifanya vizuri.

9 Juni

Directeur hali. Amejichimbia kwenye kona ya sanduku, macho yamefungwa, rangi imekuwa ya majivu. Umeme umekatika toka jana, wanasema ni mambo ya mtambo wa Mwadingusha, na taa ya joto bila umeme ni pambo. Colette alinijia jikoni mbio. Sijamwona akikimbia mwaka huu.

"Stanis, Directeur anakufa! Fanya kintu!"

Toka lini ameniita Stanis? Nilifurahi kama mjinga. Nikawasha mbabula, jiko letu la mkaa, nikaubeba mkaa mpaka chumbani, nikajaza chupa maji ya moto na kuzifunga kwa vitambaa, nikazipanga kuzunguka sanduku. Tulifanya kazi hiyo wawili, bega kwa bega, mchana wote. Mjusi hakufumbua jicho.

Niliipeleka ndoo ya funza jikoni, karibu na mkaa, maana baridi inawaua na wao. Nimeiweka pale pale chini ya rafu ya unga.

15 Juni

Bado amelala. Colette alimfungua mdomo kwa kucha ili amtie funza. Funza akamgeukia akamuuma kidole mpaka damu. Hakumtupa. Alimrudisha kwenye ndoo taratibu akasema, "Samahani." Mimi alinipita mlangoni bila kuniomba njia.

22 Juni

Doudou amekuja. Nilishasahau uso wake ulivyo wa kitoto. Ndiye aliyekuwa rafiki wa Pitshou, ndiye aliyekuwa juu ya shimo akishika kamba, na toka siku ile hakukanyaga kwetu. Mimi nilikuwa nikimchukia kidogo kidogo kila jioni, kama dawa. Leo amesimama uani na kofia mkononi, mwembamba kuliko mke wangu, na chuki yangu sikuijua ilikwenda wapi.

"Papa Stanis, nilisikia banasema Directeur iko malade."

Aliingia, akamgusa mjusi tumboni kwa kidole, akatabasamu. "Hapana, haiko mugonjwa. Analala tu. Muzungu Georges alituambiaka: kama baridi iko mingi, anaweza kulala hata miezi mbili. Musimulazimishe kula, chakula itamuozea mu tumbo. Joto ikirudia, ataamuka."

Colette alikaa kitandani ghafla. Akamshika Doudou mkono akaubusu, kijana akaona haya.

Halafu Colette akamwonyesha ndoo. Funza wanapungua, mama alisema, wanaliwa na hawazai. Doudou akatazama, akacheka. "Mama, muliwaacha bote pamoja. Bakiwa pamoja vile, habageuke hata siku moja. Wanakaa tu badudu. Unabeba moja, unamufunga ye peke yake mu kakintu kadogo, mu giza, bila chakula. Atahangaika, atakwaruza. Kisha atajikunja sawa mufu. Usiguse. Nyuma ya wiki mbili, tatu, anatoka mududu ya mabawa, anataga mayai. Pitshou njo vile alikuwa anafanya."

"Peke yake," Colette akasema. "Mu giza."

"Eee, mama. Bila vile hageuke."

Nilimsindikiza Doudou mpaka barabarani. Pale nilimuuliza jambo ambalo limenikaa kooni toka mwezi wa pili: kama Pitshou alikufa mara moja, au kama kulisikika chochote kutoka chini.

Aliangalia viatu vyake. "Papa, usiniulize."

Sasa ninajua, na sijui. Ni vibaya kuliko kutojua.

24 Juni

Colette amekusanya vibiriti vyote vya mtaa. Kila kibiriti, funza mmoja. Amevipanga juu ya rafu ya Pitshou, safu kwa safu, dirisha amelifunika kwa blanketi. Uso wake una rangi. Alikula bukari, ugali wetu, asubuhi, tonge tatu. Ningefurahi, kama asingeniambia sababu.

"Stanis, umeona? Kusudi ageuke, inafaa bamufunge. Bantu banasema amekufa, na haiko kufa. Ni kungojea."

"Colette, hawa ni badudu."

"Na minye nasema nini?"

27 Juni

Wanakwaruza. Karatasi ya kibiriti ni nyepesi na kucha zao ni ngumu. Nilikuwa nasali rozari barazani baada ya chakula cha mchana, nikapoteza hesabu ya Salamu Maria nikiwasikiliza.

28 Juni

Wanakwaruza.

29 Juni

Misa. Padri alihubiri vizuri. Sikusikia neno, nilikuwa na vibiriti masikioni.

1 Julai

Harufu ya matope imerudi, na safari hii ilikuwa barazani. Nilimuuliza jirani Simone, aliyeleta chumvi, kama anasikia kitu. Alinusa, akanitazama kwa huruma. "Papa Stanis, ulale kidogo."

Sisemi Pitshou yuko hapa. Nasema tu kwamba nilianza kuacha nafasi kwenye benchi bila kukusudia.

3 Julai

Leo nusu ya vibiriti vimenyamaza.

Colette alikuwa ametoka kuchota maji. Nilisimama mbele ya rafu. Vile vinavyokwaruza niliweza kuvivumilia kwa taabu, lakini vile vilivyonyamaza sikuviweza. Nilifikiri: hivi ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na mlio, halafu mlio ukapungua, na mtu aliyekuwa juu akasema, amejikunja, usiguse. Nikafungua kibiriti cha kwanza. Funza alikuwa amejipinda, mweupe kidogo, hatembei. Nilipomgusa alitikisa mkia.

Mzima! Nilipiga kelele peke yangu chumbani kama mwenda wazimu. Nikafungua vyote. Vyote! Nilivirarua, nikawamwaga wote katika ndoo, kwenye pumba, kwa wenzao, nikiwaambia maneno ambayo siyaandiki. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha kubwa, furaha ya mtu anayefukua.

Colette alirudi akakuta sakafu imejaa vibiriti vilivyopasuka. Aliweka ndoo ya maji chini polepole.

"Ni weye ulifanya hii?"

"Ni minye."

"Juu ya nini?"

"Juu siwezi tena kusikia muntu anakwaruza mu giza, Colette! Siwezi!"

Alianza kuokota karatasi za vibiriti moja moja.

4 Julai

Wale waliojikunja hawapo. Nilipekua pumba zote. Wenzao wamewala, kumebaki maganda. Doudou alisema usiguse, na mimi niligusa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Colette ameona. Amehamia kulala chumba cha Pitshou.

12 Julai

Hakuna cha kuandika.

19 Julai

Baridi kali. Directeur amelala, Colette amelala, mimi nimekaa. Anakunywa chai tu sasa. Pete yake ya ndoa ameifunga kwenye kamba shingoni, haikai tena kidoleni. Nilimwomba twende kwa daktari. Akasema yeye si mgonjwa, ana kazi.

26 Julai

Mamie ameshuka kwa lori la samaki akiwa na mabegi mawili, kuku mmoja, na sauti yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakumjua dada yangu. Alimkumbatia Colette, akamshika mikono akaigeuza huku na huku, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilimwona Mamie amekosa la kusema.

Baadaye akaniambia uani, "Kaka, huyu haiko mujane wa mutoto, huyu ni mufu anatembea. Kesho minye njo nitapika. Asiguse jiko."

Sikumwonyesha nyumba. Anaijua nyumba. Sikufikiria ndoo.

27 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Colette alikwenda misa ya asubuhi, nami nilimfuata kwa mbali, maana siku hizi anayumba. Tulirudi kwa mwendo wake, tukipumzika penye kila ukuta. Tulipofika karibu na nyumba tulisikia harufu ya mafuta ya mawese na kitunguu, harufu ya nyumba ya zamani, ya Krismasi. Colette alisimama akanusa. Nikaona koo lake likimeza.

Mamie alikuwa ametandika kitambaa. Bukari nyeupe inatoa moshi, bakuli la mboga limefunikwa. Wifi akifika katika nyumba yenye huzuni anachukua jiko, na akichukua jiko hakuna wa kumkataza. Hata Colette aliketi kama mgeni. Mamie akamnawisha mikono, akasema sala, akafunua bakuli.

"Vinkubala!" nikasema. Viwavi na nyanya na pilipili, kama mama yetu alivyokuwa akipika. Nani asiyependa vinkubala? Pitshou alikuwa akikomba bakuli mpaka rangi inatoka.

Nilimega, nikachovya, nikala. Vilikuwa laini ndani na vinavunjika nje, na mafuta mengi. Nilikula kama mtu aliyetoka zamu. Na Colette alikula. Alikula tonge moja, akatulia, akala la pili. Mamie na mimi tulitazamana. Alikula mpaka mdomo ukang'aa mafuta, akachukua kipande cha mwisho kwa vidole akakitafuna kwa utulivu, macho yamefungwa.

"Bilikuwa bizuri, mulamu," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Ulibeba ku Mwadingusha?"

Mamie alicheka kwa furaha, maskini. "Wapi! Bakati ya baridi, vinkubala mbichi nitatosha wapi? Niliikuta hapa hapa, mu seau, ndoo ya chini ya unga. Mizima kabisa, inatembea! Nikasema, bantu ba Likasi biko na bahati. Ile tu rangi njo sikuijua. Nilibeka maji ya moto juu, nikaosha pumba, nika..."

Ndipo alipoona uso wangu.

Colette alitazama bakuli. Alitazama vidole vyake. Kisha akasimama akaenda jikoni, nasi tukasikia mlio wa ndoo tupu ikigeuzwa, ikigongwa chini, ikigeuzwa tena.

Halafu akalia.

Nimefanya kazi miaka mingi karibu na mitambo, nimesikia transfoma ikipasuka. Sijasikia sauti kama ile. Ilianzia chini, kama mtu anayebeba kitu kizito, ikapanda, ikavunjika, ikaanza upya. "Mutoto yangu! Mutoto yangu eee! Nimekula chakula yake! Pitshou eee! Njo mwisho, haikubakia kintu!" Alitoka uani akijipiga kifua, kitambaa kimeanguka, nywele zake za mvi wazi mbele ya mtaa mzima. Mamie alianguka magoti akilia pamoja naye na kuomba msamaha kwa wakati mmoja, hakuna aliyemsikia.

Mimi nilikuwa nimesimama na mafuta mikononi.

Simone ndiye aliyeingia wa kwanza, unga wa mihogo bado uko vidoleni. Hakuuliza kitu. Aliweka mikono kichwani akaanza kulia. Wakaja wa nyumba ya pili, wa nyumba ya tatu. Mtu akaleta mkeka. Mtu akaleta kuni. Vijana wakafunga turubai toka paa letu mpaka kwenye ukuta, wala sijui nani aliwatuma. Hakuna aliyejua kwamba mama huyu analilia bakuli la funza. Na nilipomtazama tena, niliona kwamba hata yeye halilii hilo tena.

Kabla jua halijashuka uani kwetu hapakuwa na pa kuweka mguu. Kilio cha mwanangu kimefunguka.

28 Julai

Moto, watu, nyimbo za parokia. Nililia na mimi. Ni kazi ngumu, lakini mwili unaijua.

29 Julai

Doudou alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na lango, kama mtu anayetaka kukimbia. Colette alimwona. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, macho yamevimba. Alimwita kwa kidole, na watu wakapisha.

"Kaa hapa. Sema. Pitshou alikuwa anagonga kule chini?"

Mamie alitaka kumzuia, Colette akamwekea mkono gotini.

Doudou alilia kwanza. Kisha akasema. "Alikuwa anagonga, mama. Na jiwe, ku tuyau, bomba ya hewa. Siku ya posho yote. Tulichimba na mikono, na mvua ilikuwa inajaza. Bale bakubwa ba chimbo balituambia tutoke, mulima yote itaanguka. Benzangu bakatoka." Akajifuta pua kwa mkono. "Minye nilibakia. Nilikuwa na barre à mine, chuma ya kuchimbia. Akigonga, nagonga. Akigonga mara mbili, na minye mara mbili. Hata wimbo ya timu ya Likasi Sport tuligonga, mama. Alijua ni minye."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka kesho yake, bantu banatoka misa. Njo akanyamaza. Minye nikaendelea kugonga, juu niliwaza labda anasikia na hana nguvu ya kujibu. Niligonga mpaka bakuje kunibeba."

Nilimwogopea Colette. Yeye akakivuta kichwa cha yule kijana akakilaza kwenye paja lake, akaanza kumpangusa vumbi la nywele.

"Juu ya nini hukukuya kuniambia?"

"Niliogopa utaniuliza juu ya nini minye niko muzima."

"Mutoto ya bantu," mke wangu akasema. "Ulimujibu mutoto yangu. Na utaogopa nini?"

2 Agosti

Tumezika mgomba, wenye shati lake la kijani. Nilidhani nitaona aibu kuzika mmea. Nilipotupa udongo, Doudou akanishika mkono.

10 Agosti

Mamie amerudi Mwadingusha. Kila asubuhi aliomba msamaha, na kila asubuhi Colette alimwambia pilipili ilikuwa ndogo. Colette amerudi kulala chumbani kwetu. Hasemi mengi. Anakula.

Harufu ya matope siisikii tena. Naikumbuka, na kuna siku ninaingia chumbani kwake kuitafuta.

24 Agosti

Joto limerudi mara moja, kama linavyofanya huku. Asubuhi nilisikia mkwaruzo chumba cha Pitshou nikakimbilia huko. Alikuwa Directeur. Amefumbua macho, rangi imerudi shingoni, anapanda kioo akidai haki zake.

Nilimwita Colette. Nilijua hakuna hata funza mmoja, na nilihofia kwamba akimwona ana njaa yote yataanza upya.

Alimtazama kwa muda. Kisha akamtoa ndani ya sanduku kwa mikono miwili, akambeba mpaka uani. Akaleta kigoda, akamweka juu yake penye jua. Akachovya kidole katika kikombe cha maji, akamdondoshea puani tone moja moja mpaka mjusi akalamba, akalamba tena, akatosheka. Colette akakunja kitenge, akaketi chini mbele yake. Hapo nikaelewa anafanya nini, nikavua kofia. Mtu aliyekuwa mbali wakati wa msiba hapewi habari akiwa amesimama. Anakalishwa, anapewa maji, anaachwa apumzike, ndipo anaambiwa.

"Directeur," akasema, "weye ulikuwa unalala. Haukusikia. Pitshou alikufa. Alikufa ku Kambove, mu mwezi wa pili. Tulimulilia, tukamuzika. Haikukuwa peke yake, rafiki yake alikuwa anamugongea. Alisema nikulishe mpaka atarudia, na hatarudia. Basi sasa nitakulisha tu, minye mwenyewe."

Mjusi alifumba jicho moja na jua.

Colette akajipangusa uso kwa upindo wa kitenge, akageuka kwangu.

"Na weye, baba Pitshou, unasimama hapo unaangalia nini? Wende ku majani umutafutie panzi. Iko na njaa."

Nikavaa kofia nikaenda.